Kipande Kikubwa cha Upande wa Kushoto

"Umesikia? Jirani yako kayanywa maji ya mji mzima."

Fundi cherehani aliniambia hivyo akiwa ameziuma pini mdomoni, kama kawaida yake. Cherehani yake inakaa kibarazani, karibu na lango la nyumba yetu ya kupanga, na hakuna habari inayoingia wala kutoka bila kupita chini ya sindano yake. Mimi nilikuwa nafua nepi bombani.

"Jirani yangu yupi?"

"Una majirani wangapi wenye kompyuta? Huyo Fundi Duara wako. Ofisi ya maji ilitaka kutuonyesha kwa mchoro wa duara maji yetu yanakwenda wapi. Kumbe mengi yanamwagika ardhini, mabomba yameoza. Sasa mwenzio kapewa chochote, kakifuta kile kipande kikubwa, kaacha vidogo. Nimeonyeshwa kwenye simu. Duara limeliwa hivi!" Akakata hewa kwa mkasi, nusu nzima na zaidi.

"Labda kakosea," nikasema.

"Mtu anakosea kifungo. Hashoni suruali akasahau mguu." Akazitoa pini ili acheke vizuri. "Wengine wanasema hakuhongwa, alikuwa kalewa. Mimi nachukua yote mawili. Kahongwa, na hongo kainywa."

Nikaendelea kukamua. Mwanangu alikuwa mgongoni, na mkono wake uliofungwa kitambaa vidoleni ulikuwa ukinigonga shingoni taratibu. Pale uani ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Fundi Duara hakuhongwa wala hakulewa. Kile kipande hakukifuta. Hakukiona. Na kama ofisi ya maji ingejua kwamba haoni, basi ndiyo mwisho wa kazi yake, na hana nyingine.

Chumba chake ni cha kona, mlango wake unatazamana na wetu. Alihamia pale kabla mimi sijajifungua, na begi la nguo, meza ya mbao, na kompyuta aliyoibeba kifuani kama mtu abebavyo mtoto mgonjwa. Mtu mrefu, mkimya, shati siku zote limechomekewa hata akikaa ndani peke yake. Siku za mwanzo tulidhani ni mwalimu. Baadaye tukadhani ni mganga, maana kupitia dirishani ungeona skrini imejaa maduara ya rangi rangi, mengine yamekatwa vipande, na yeye kayakodolea macho, midomo inacheza bila sauti.

Mimi nilikuja kujua kazi yake kwa sababu ya kamba ya nguo. Kamba yangu inapita mbele ya dirisha lake. Siku moja nilianika shuka zito, akatoka mlangoni.

"Mama mtoto, shuka lako limeniletea usiku saa tano asubuhi."

Nikamwomba radhi, nikalisogeza. Nilipoinama kuokota kibanio nikaona ile skrini.

"Keki hizo?"

"Keki. Ila hailiwi na mtu." Akacheka kidogo. "Hizi ni chati. Ofisi ikiwa na jambo lake na hesabu zake, watu hawasomi hesabu. Ukiwakatia duara, wanaelewa mara moja nani kapata kikubwa, nani kapunjwa. Nazichora, zinawekwa mtandaoni."

"Kwa kalamu gani?"

"Kwa maneno."

Nikadhani ananitania. Akaniita niingie, mlango akauacha wazi kabisa ili watu wa uani watuone, maana ni mtu wa heshima. Akanionyesha. Upande mmoja wa skrini kulikuwa na maandishi madogo, herufi na namba, ambayo yeye huyaita msimbo. Upande wa pili duara. Akabadilisha namba moja tu kwenye yale maandishi, na kipande chekundu kikanenepa, cha kijani kikasogea kumpisha mwenzake. Mimi niliishia darasa la saba, na katika madarasa yote saba sijaona hesabu ikitembea.

"Kompyuta haijui kuchora," aliniambia. "Ni mtumwa mtiifu asiye na akili. Unamwambia: simama katikati. Nenda moja kwa moja mpaka ukingoni. Sasa zunguka kwa kufuata ukingo mpaka pale. Rudi katikati. Paka rangi. Hapo umepata kipande. Halafu kinachofuata, mpaka duara lifunge."

"Kwa nini usipige picha tu ukaiweka?"

"Picha ukiivuta kuikuza inaparuza, inakuwa vumbi. Huu ni mchoro wa vekta. Ukuze mpaka uwe mkubwa kama ukuta wa shule, ukingo wake unabaki safi kama wembe, kwa sababu haukuhifadhiwa kama picha, umehifadhiwa kama amri. Kila ukiufungua, kompyuta inauchora upya."

Hilo la kuchorwa upya lilimfurahisha yeye mwenyewe. Ni mara chache nilimwona akifurahi, na mara zote ilikuwa mbele ya duara.

Baba yake alikuwa mchora mabango. Aliandika majina ya maduka, akachora vinyozi na viatu na magurudumu ya baiskeli kwenye kuta. Magurudumu aliyachora kwa msumari na uzi: msumari katikati, penseli mwishoni mwa uzi, anavuta. Alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo alianzia juu kabisa, akazungukia upande wa kushoto, akashuka, akapanda kulia mpaka afunge. Fundi Duara alikua akiushikilia ule msumari usichomoke. Mpaka leo, kila chati yake anaianzia juu na kuizungushia kushoto, kinyume na wachoraji wengine wote. Na huanza na kipande kikubwa kuliko vyote, kwa sababu baba yake alikuwa akisema rangi nyingi imalizwe kwanza.

Yule mzee alipofuka. Haikuwa ghafla. Alianza kugonga ngazi, akaanza kusahau upande mmoja wa bango, mpaka siku alipochora tangazo zima la mwuza vitambaa kwenye ukuta wa nyumba ya pili, nyumba ya watu. Tangu hapo alikaa ndani, na mama wa Fundi Duara akawa anamshika mkono wa shati kumtoa na kumwingiza. Alifanya hivyo mpaka mkono ule wa shati ukawa umelegea kuliko mwenzake, kila shati. "Ungeyatazama mashati ya baba kambani," aliniambia, "ungedhani ni ya mtu mwenye mkono mmoja mrefu."

Ndiyo maana, alisema, alipoiona mara ya kwanza ile michoro ya maneno, katika duka la kuchapisha alikokuwa kibarua, alihisi amepona ugonjwa ambao hajaupata. Hapa msumari ni namba. Uzi ni namba. Mkono ukitetemeka, namba haitetemeki. Jicho likipungua, namba haipungui. Akajifunza usiku na mchana, akakataa kufundishwa kazi nyingine yoyote, akatafuta ofisi moja moja mpaka ofisi ya maji wakampa ukurasa wao wa mtandaoni autunze, akiwa nyumbani kwake, kila mwezi.

Haya yote hakunisimulia siku moja. Nimeyaokota kidogo kidogo, wakati naanika na wakati naanua.

Kitu cha kwanza nilichokiona mwenyewe ni salamu. Watu wa uani walianza kulalamika kwamba Fundi Duara ana maringo. Fundi cherehani alimpa "habari za asubuhi", yeye akapita kama kapita nguzo. Mwingine akasema, mbona mimi ananiitikia vizuri tu, tena ananiuliza habari za nyumbani? Mimi nilikuwa nakaa kizingitini namnyonyesha mwanangu, na mtu anayenyonyesha hana pa kwenda, anatazama tu. Nikaona kwamba anayetokea upande wa choo anasalimiwa, na anayetokea upande wa lango hasalimiwi. Akirudi, mambo yanageuka: wa choo ndio wanaopitwa. Upande mmoja wa mwili wake ulikuwa na adabu, upande wa pili ulikuwa na kiburi. Nikawaza, kiburi cha wapi hicho kinachokaa kushoto peke yake?

Nilimpelekea chakula siku moja aliyokuwa na homa. Sahani ilirudi imeliwa nusu, imekatwa katikati kama kwa rula. Nikadhani hakupenda mapishi yangu, nikaumia kimoyomoyo. Kesho yake akanishukuru, akasema alikula chote mpaka akashiba.

 Nani anamwambia mtu kwamba nusu ameirudisha?

Halafu ikatokea ya mkono wa mwanangu. Alikuwa ameanza kutambaa, na alipenda kutambaa kwenda kwenye mlango wa kona kwa sababu Fundi Duara alikuwa akimpa kifuniko cha kopo achezee. Mimi nilikuwa hatua chache tu, nakunja nguo. Fundi Duara akatoka na ndoo. Mtoto alikuwa upande wake wa kushoto, wazi kabisa, kavaa fulana ya njano. Akamkanyaga vidole.

Kilio kile hata sasa nikikikumbuka maziwa yananishuka. Nikaruka, nikamnyakua. Watu wakatoka vyumbani. Fundi cherehani alikuja na futi yake shingoni, anapiga kelele, "Mlevi! Mlevi wa mchana kweupe! Mtoto mzima mbele yako humwoni?"

Ndoo ilikuwa imemponyoka, maji yamejaa viatuni. "Nisamehe, mama mtoto," alisema. "Nisamehe sana, jamani, nisamehe, yuko wapi, ameumia?"

Mimi nilikuwa nimesimama kushoto kwake, karibu naye kiasi cha kumgusa, na mtoto analia sikioni mwangu. Yeye alikuwa anauomba radhi ukuta.

Hasira ikanitoka mwilini kama maji yalivyotoka kwenye ile ndoo. Nikamzunguka, nikasimama upande wa kulia. Macho yake yakanipata, yakashuka kwa mtoto, na akanitazama kwa namna ambayo nilijua kwamba amejua kwamba nimejua.

Baba mtoto aliporudi kazini jioni alitaka kwenda kumvuta shati. Nikamwambia, mwache, ni bahati mbaya. "Wewe una huruma ya bei rahisi," akaniambia.

Fundi Duara alikuja mwenyewe kesho yake, asubuhi, na dawa ya kupaka. Akakaa kizingitini, akajigeuza mpaka akanipata.

"Ni presha ya macho," alisema. "Kama ya baba. Jicho la kushoto lilishazima zamani, sikumwambia mtu. La kulia linajifunga kutokea pembeni, upande wa puani. Kliniki wanakuingiza uso ndani ya kibakuli cheupe, wanakuwasha taa ndogo ndogo, ukiona unabonyeza. Mara ya mwisho nilikaa mle ndani nimekishika kile kidude mpaka nikadhani mashine imeharibika. Kumbe taa zinawaka."

"Dawa hakuna?"

"Matone. Daktari kasema, kilichoondoka hakirudi, tunakilinda kilichobaki. Nilimwuliza tutakilinda mpaka lini. Akaniandikia matone mengine."

Nilitaka kumwambia neno la kumpa moyo, la kwamba Mungu yupo, na yupo kweli. Lakini mtoto alikuwa ananyonya, vidole vyake vimevimba, nikavipaka ile dawa.

"Unajua kinachonitisha?" akasema. "Si giza. Pale nisipoona hapana giza, mama mtoto. Pangekuwa na giza ningejua kuna kitu nisichokiona, ningegeuza shingo. Hapana kitu. Panaonekana kama pamekwisha, kama dunia ndiyo hiyo tu, imekamilika."

Kwa hiyo nilipoambiwa habari za duara lililoliwa, hata sikuhitaji kuonyeshwa. Lakini nilionyeshwa. Fundi cherehani aliniletea simu yake yenye kioo kilichopasuka. Duara lilikuwa na vipande vichache upande wa juu kulia: majumbani, hospitali na shule, viwandani. Rangi nzuri, ukingo safi kama wembe. Sehemu nyingine yote, kushoto na chini, ilikuwa nyeupe. Pembeni maneno yalikuwepo, yanasema wazi kwamba maji yanayopotea njiani ni zaidi ya theluthi mbili, lakini watu hawasomi hesabu. Watu wanatazama duara. Na duara lilisema hakuna kinachopotea.

Nilipomaliza kufua nikaenda kwenye mlango wa kona, nikasimama upande wake wa kulia.

"Umeshasikia?" akaniuliza. Hakuwa amechomekea shati.

"Nimesikia."

"Njoo uone nilichofanya."

Akanionyesha kwenye skrini, kwa kidole, sehemu moja katika yale maandishi. Sifuri. Sifuri ndogo tu katikati ya namba nyingine.

"Ukitoka mlangoni kwako kwenda bombani," akasema, "kuna njia ngapi?"

"Mbili. Ya kwa fundi cherehani na ya chooni."

"Ipi fupi?"

"Ya kwa fundi cherehani, asipokusimamisha."

Akatabasamu, tabasamu likafa hapo hapo. "Na ukingo wa duara ni hivyo hivyo. Kutoka hapa mpaka pale kuna njia mbili, fupi na ndefu. Kompyuta lazima uiambie ipi. Sifuri ni fupi, moja ni ndefu. Kipande kikiwa chini ya nusu ya duara, njia ni fupi, unaandika sifuri. Kikipita nusu, lazima uweke moja. Miezi yote hii hawakunipa kipande kilichopita nusu. Nikaziandika sifuri kila mahali, nikasema, iko siku nitaiandikia kompyuta sentensi ijiamulie yenyewe. Hiyo siku sikuifikia. Mwezi huu ofisi ikaamua kusema ukweli, wakaniletea kipande kikubwa kuliko nilivyowahi kukata. Sifuri ikabaki. Kompyuta ikapita njia fupi. Kipande chote kikasinyaa kama ganda, kikajificha chini ya vile vidogo, kwa sababu huwa naanza na kikubwa na vidogo vinakuja juu yake."

"Hukutazama?"

Swali lile lilitoka kabla sijalizuia.

"Nilitazama," akasema taratibu. "Nilitazama, mama mtoto. Nikaona rangi zimekaa vizuri, ukingo safi. Upande wa kushoto sikuona kitu, na mimi upande wa kushoto sioni kitu siku zote. Nimezoea kugeuza shingo kukagua. Siku ile mkuu wa ofisi alikuwa kwenye simu anasema harakisha, watu wa magazeti wanasubiri. Sikugeuza shingo."

Akafuta ile sifuri, akaandika moja. Duara likajaa. Kipande kikubwa cha kijivu kikatanda kushoto kote, kikashuka chini, kikapanda mpaka kikakutana na vile vidogo. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

"Limefunga?" akauliza.

"Limefunga."

"Kweli? Kila mahali?"

"Kila mahali."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaweka mikono yote miwili juu ya meza na kuitazama, kama mtu anayetazama vyombo vya kazi vya marehemu.

"Namba haipungui," akasema. "Nilijiambia hivyo miaka yote. Nilidhani nimemshinda baba. Kumbe hata namba inamtaka mtu wa kuitazama ikishamaliza kuchora."

Nikamwambia aiweke ile iliyofunga, awaambie ofisi alikosea tarakimu moja, yaishe. Akasema ameshaiambia ofisi. Mkuu amejibu kwamba mtu mwenye uzoefu wa miaka yote ile hakosei kipande kikubwa kuliko vyote, kisha akakitazama kwa macho yake na kukipitisha. Kwamba huko juu wanamwuliza yeye, mkuu, nani kamwagiza kukificha. Kwamba ukurasa wamemfungia, hawezi tena kuweka kitu. Kwamba atakuja mwenyewe hapa nyumbani kuzungumza naye uso kwa uso, na kuwauliza majirani huyu bwana anaishi vipi, kabla hajaamua.

"Basi mwambie ukweli!" nikasema. "Mwambie kuhusu macho. Utakuwa msafi. Watu wataona aibu kwa maneno yao. Nami nitasema, nimekuona tangu zamani, nitamwambia salamu, nitamwambia sahani."

Akasema tu, "Asante, mama mtoto," kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

Kutwa ile niliyapanga maneno yangu. Mimi si msemaji, na mbele ya wakubwa ulimi wangu huwa mzito, kwa hiyo niliyarudia nikifagia, nikimwogesha mtoto. Nikaona kabisa fundi cherehani akinyamaza, pini zikimdondoka. Nikaona mkuu wa ofisi akimshika Fundi Duara bega. Sikuwaza kinachofuata baada ya bega kushikwa.

Alikuja kesho yake kabla ya adhuhuri. Gari jeupe lilisimama langoni, na fundi cherehani akasimamisha cherehani yake kama mtu aliyesikia wimbo wa taifa. Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, anafuta jasho. Sikumchukia. Alimsalimia fundi cherehani, akauliza chumba ni kipi, na fundi cherehani, badala ya kumwonyesha, akaanza kumsimulia. Nikajua nina muda. Nikambeba mtoto, nikavuka uwanja kwa njia ya chooni, nikaingia kwa Fundi Duara.

Alikuwa amechomekea shati. Amenyoa, lakini shavu la kushoto alikuwa ameliruka, vinyweleo vyote viko pale pale.

"Amekuja," nikasema. "Yuko kwa fundi cherehani. Nimeshapanga nitakavyomwambia."

"Najua umepanga. Nilikusikia ukijisemea bombani." Akanitafuta kwa shingo mpaka akanipata. "Keti."

Sikuketi.

"Mama mtoto, mtu aliyelewa siku moja akaharibu kazi, anafanywaje?"

"Anagombezwa. Anasimamishwa."

"Halafu?"

"Akiacha pombe wanamrudisha."

"Na aliyehongwa?"

Nikamweka mtoto vizuri kiunoni.

"Aliyehongwa anapandishwa cheo," akasema, na kwa kitambo kidogo tukacheka sote wawili, na mtoto akacheka kwa sababu tumecheka. Kisha akaacha. "Sasa niambie. Kipofu anayechora chati, wanamfanyaje?"

Sauti ya mkuu ilikuwa inasogea, na juu yake sauti ya fundi cherehani, "huku, mheshimiwa, angalia ndoo hapo."

"Wanamwonea huruma," akasema. "Wanampa mkono, wanampa barua nzuri. Halafu mtu anamshika mkono wa shati mpaka unalegea. Jicho hili bado lina kidogo, mama mtoto. Pengine mwaka. Pengine huo mwaka haupo. Lakini nikisema macho, hicho kidogo kilichobaki nakikabidhi leo, kwa mkono wangu. Nikisema pombe, wananisimamisha, wananirudisha, nachora mpaka nitakapokwama mwenyewe."

"Wewe hujawahi hata kuonja pombe."

"Ndiyo shida. Siwezi kudanganya, ataniona usoni. Na hao wengine uani ni maneno ya kusikia, hamna hata mmoja aliyeona kitu. Wewe umeona."

Nilijua anakokwenda kabla hajafika, nikamgeuza mtoto upande mwingine wa kiuno changu, mbali naye. Hakuona. Nilikuwa nimesogea kushoto kwake bila kujua, na alikuwa anazungumza na kamba yangu ya nguo, kule dirishani.

"Nakuomba," akasema. "Akikuuliza, mwambie mimi ni mlevi. Mwambie umeniona kwa macho yako. Na asipoamini, mfungulie kile kitambaa, mwonyeshe mkono wa mtoto."